Viti vya Kwaya

Mpendwa Wambui,

Huku Kangemi tuko wazima, na kikohozi kimemwacha mama yako. Umeniuliza kama ni kweli shosho wako, bibi mzima, aliketi sakafuni mbele ya watu. Ni kweli, na hasira bado ninayo. Katika simfonia tuliyoalikwa kuimba, ule muziki mrefu wa okestra, kwaya hukaa karibu saa nzima ikingoja zamu yake. Tulipoingia ukumbini tulikuta viti vyetu vimepewa wageni matajiri kutoka mtaa wa Karen.

"Simameni tu, mama, mmezoea," kondakta, yule mwongoza okestra, akaniambia.

Tulisimama. Magoti yangu unayajua. Zamu yetu ilipofika, kondakta akainua mikono tuimbe. Nikaketi sakafuni, na kwaya yote ikaketi nami. Okestra ikanyamaza. Wageni wenyewe wakavirudisha viti. Tukavikalia kwanza, polepole, huku kondakta amesimama akitungoja.

Na asimame. Si amezoea?

Wako,
Shosho