Bendi Yetu Imeacha Kuimba, Nami Sijui Nilie au Nicheze

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana nimechanganyikiwa kiasi kwamba juzi nilitia chumvi kwenye chai na nikainywa yote bila kushtuka. Mimi ni mwimbaji, au nilikuwa mwimbaji, na hapo ndipo kichwa kinaponiuma. Mume wangu anapiga dramu, mdogo wake, yaani shemeji yangu tunayemwita Waya kwa kupenda kufunguafungua redio za watu, anapiga gita la besi, na kwenye kinanda yuko mwalimu mmoja wa hesabu, mtu mpole ambaye kichekesho lazima aelezwe mara mbili. Tulianza bendi pamoja nyuma ya karakana ya seremala, tukipiga kwenye harusi na mahafali, mimi mbele na maikrofoni, wao nyuma, na watu wakituita bendi ya yule dada mwenye sauti.

Basi koo likaanza kukwaruza, nikapuuza, likazidi, daktari akachungulia akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu, nikatibiwa, nikakatazwa kuimba na hata kuongea kwa muda mrefu. Nyumbani nikawa bubu. Nikitaka kumwita mume wangu nagonga kijiko mezani, pigo moja zito na mawili mepesi maana yake chakula tayari, naye ananijibu kwa vidole mlangoni, tunacheka, na kusema kweli kipindi kile tulielewana kuliko tulipokuwa na maneno.

Bendi nayo haikuweza kukaa bure, ikaenda kupiga bila mwimbaji. Mwanzoni walipiga nyimbo zetu zilezile na kuacha pengo pale pa sauti yangu, watu wamekaa vitini wanasubiri kama wako kituo cha basi. Kisha Waya akaleta kidude chake cha kurekodi sauti na kuirudiarudia, wakarekodi randa na msumeno wa yule seremala, mwalimu akaachana na nyimbo akawa anagonga noti mbili tu kama matone juu ya bati, mume wangu akayavuta mapigo yakawa marefu, hakuna ubeti, hakuna kiitikio, kipande kimoja kinakwenda mpaka mashati yanalowa, na nakuambia mshauri, watu wakaanza kucheza kama waliopandwa na kitu, hata wazazi waliokuja kuwasindikiza watoto wao wakavua viatu.

Nilipokwenda kuwasikiliza nikasimama ukutani, nikasikia pigo moja zito na mawili mepesi. Kijiko changu! Ukumbi mzima unaruka kwa mlio wangu wa kumwita mume mezani. Nilifurahi, nikaona nimeibiwa, nikacheka, machozi yakanitoka, na wakati huohuo kiuno kinacheza bila ruhusa yangu. Tangu siku ile sijajua kama nimekasirika au nimependa.

Sasa nimeruhusiwa kuimba, nimerudi, na hakuna wimbo. Waya akanipa kayamba. Nikamuuliza, "Shemeji, hii ndiyo kazi yangu?" Akasema, "Kwa sasa shika hiyo, shemeji, tutaona mbele." Mume wangu akajifanya anakaza ngozi ya ngoma. Nikawa natikisa kayamba huku natabasamu kwa meno tu, moyo uko kwingine, mpaka Jumamosi iliyopita, mchana, tulipopiga kwenye ufunguzi wa ukumbi mpya, katikati ya kipande, hata sijui niliingiwa na nini, nikaitupa kayamba, nikashika maikrofoni nikaanza wimbo wetu wa zamani. Ikatoka sauti nzito, inakwaruza, kama ya mwanamume mwenye mafua, maana noti za juu hazijarudi na daktari hana uhakika kama zitarudi, jambo ambalo sijamwambia mtu. Wachezaji wakasimama. Mume wangu akaacha kupiga, akaweka vijiti chini, akanitazama. Maneno ya wimbo yakanipotea, nikatokea mlango wa nyuma, nikaenda nyumbani kwa miguu na gauni la jukwaani.

Mpaka leo mume wangu hajaligusia jambo hilo. Ananiuliza tu, "Umekula?" Nami, "Nimekula." Wao wamealikwa kwenye tamasha kubwa, na bendi ya hoteli moja inanitaka nikawaimbie. Mama anasema, "Mume aliyekunyamazisha jukwaani atakunyamazisha na nyumbani." Dada yangu anasema ninaionea wivu ngoma. Je, niondoke, nibaki na kayamba, au nimwombe anirudishie bendi yetu ya zamani? Nisaidie, mwenzio sijielewi.

Mwimbaji Asiye na Wimbo

*

Dada, pole. Pole ya koo kwanza, maana mwimbaji kupoteza noti ni kama mshonaji kupoteza kidole, na wewe hilo umelichomeka katikati ya barua ukidhani nitalipita. Nimeliona.

Sasa nikukaripie. Umemuuliza mama, umemuuliza dada, umeniuliza mimi nisiyejua hata vijiti vinashikwaje. Mwenye vijiti hujamuuliza, halafu unasema amekunyamazisha! Mpiga dramu anayetaka kumnyamazisha mtu haachi kupiga. Anazidisha, unamezwa, na hakuna atakayejua kama ulifungua mdomo. Wako alisimama. Sikuwepo, siwezi kukuapia moyoni mwake mlikuwa na nini. Huenda alishtuka, huenda alikupisha. Nyote wawili mnazungukana humo ndani kama kuku wageni, na kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Bendi ya zamani isahau. Haikuibiwa, ilikua ulipokuwa mgonjwa, kama mtoto unayemwacha ukisafiri, ukirudi viatu havimwingii. Na hata wakirudi harusini kesho, zile nyimbo utaziimbia wapi na koo hilo? Hasira yako nusu ni ya bendi, nusu ni ya koo, ila unawatwisha wao yote. Shemeji yako naye amekosea, na akisoma hapa ajue: mtu mzima hapewi kayamba kama mtoto anayebembelezwa asilie. Na mdundo wa kijiko ni wako. Kutaka wautambue si wivu.

Hoteli usiijibu kwanza. Nenda karakana mchana wakiwa wote, kayamba iache nyumbani. Waeleze habari ya koo. Kisha waombe wapige kile kipande chao kirefu, nawe ingia na sauti uliyonayo leo, bila ubeti, hata bila maneno, uone itakaa wapi. Ikikaa, umepata kazi. Isipokaa, si aibu: nenda hotelini ukaimbe nyimbo za chini, kwa baraka zao, na mrudi nyumba moja. Mke na mume si lazima wafanye kazi moja. Hata seremala hakuoa randa. Lakini tamashani usipande kutabasamu kwa meno. Watu wanaona.

Kabla ya yote hayo, yuko mume. Leo akirudi, mvutie kiti, mwambie: "Sauti yangu imeshuka, na ninaogopa haitapanda tena." Usiongeze la mama wala la dada. Kisha kaa umsikilize mpaka amalize, hata kama atachelewa kuanza.