Nyaya Mbili za Tangi Letu

Mzee Ochola,

Nimekukasirikia, acha niseme hilo kwanza. Wiki tatu tangu tukuzike kule Katito, na bado unanipa kazi.

Jana nilifungua maabara kutayarisha mtihani wa mwaka wa nne. Nikawasha tangi letu, lile ulilokuwa ukiliita mke wako wa pili. Unajua kazi yake: maji yapande hadi mstari mwekundu, pampu isimame yenyewe. Woi! Maji yalifika kwa mstari, yakapita, yakamwagika, na pampu inaenda tu. Nilipozima, viatu vilikuwa vimelowa. Nikafungua boksi na kukuta nyaya mbili za sensa, ile ya kuhisi maji, zimebadilishana, nyekundu mahali pa nyeusi. Hakuna aliyegusa boksi hilo baada yako. Ufunguo ulikuwa kwangu.

Sasa niambie. Ulitega, au ulikosea?

Kila mwaka ulitega. Unaharibu kitu kimoja kabla ya mtihani ili wanafunzi wakitafute, halafu unaandika jibu kwa karatasi na kulificha ndani ya mkebe wa majani chai. Mimi mwenyewe nikiwa mwanafunzi nilihangaika asubuhi nzima nikitafuta fyuzi uliyokuwa umeitia mfukoni mwako. Ulinicheka mpaka ukakohoa. Ukaniita nyathina, mtoto wako, ukasema, "Kuuliza si ujinga. Mbona hukuniuliza fyuzi iko wapi?"

Nimeumwaga ule mkebe wote mezani. Ni majani tu.

Lakini pia naikumbuka mikono yako mwezi ule wa mwisho. Kikombe kilikuwa kinagonga meno. Ulikuwa unahangaika na vifungo vya koti la kazi, na mimi najifanya sijaona. Siku yako ya mwisho kazini ulinikabidhi ufunguo ukasema, "Tangi liko sawa." Maneno hayo uliyasema kila mwaka ukishatega, lakini ukicheka. Mara hii hukucheka. Ulikuwa umechoka, ama ulikuwa unanitega hata mimi? Nageuza hivi, nageuza vile, sijui, Mzee. Haki sijui.

Na Mama, mke wako, aliniuliza kwenye matanga, amenishika mkono: "Hata kazini mikono ilikuwa inamshinda?" Nilijibu hapana, haraka sana. Nadhani aliona.

Kuzirudisha nyaya ni kazi ya dakika moja. Nilishika bisibisi mara mbili, nikaiweka chini. Nikizirudisha, nitakuwa nimesema ulikosea. Nililia pale sakafuni kama mtoto, huku natandaza magazeti kukausha maji.

Basi nimeziacha vile ulivyoziacha. Jumatatu wanafunzi watazitafuta, na kwa karatasi ya mtihani nimeandika kwamba hitilafu ya mwaka huu imetegwa na wewe. Jibu nimeliandika kwa mwandiko wangu, nikaliweka ndani ya mkebe.

Kama ulitega, cheka huko uliko. Kama ulikosea, hakuna atakayejua, hata Mama. Nakuahidi hilo. Na siku mikono yangu ikianza kutetemeka, nitamwambia mtu. Wewe ungeniambia, Mzee. Ningekufungia vile vifungo.

Oriti, kwaheri, Mzee wangu.

Akinyi