Bisi Mupya ya Kwenda Koni

Alphonse mujukuu wangu,

Tuko bazima, kuku zimetotoa, na mama yako anauliza kama unakula. Unauliza: mutoka mupya ikiyumba, kosa ni ya shofele ao ya kiwanda? Ah, umeniamusha!

Wakati wa kampuni kubwa ya shaba, bisi mupya ilikuja kutubeba sisi bibi za wafanyakazi mupaka Koni, kule kwenye maporomoko ya maji. Karatasi ya kiwanda ilisema mipira ya magurudumu iwekwe upepo kidogo, ili bisi iende pole bila kuturusha. Siku ya kwanza iliinama upande kwenye kona, karibu ianguke, na miye niko na baba yako mu tumbo! Kesho yake tukakataa kupanda.

Muntu wa kiwanda, mwenye kuleta bisi, akasema: "Bamama, hakuna shida."

Mama Kapinga, mwenzetu, akacheka. "Kwetu mwenye kuleta kinywaji cha munkoyo anakunywa wa kwanza, tuone kama hakuna sumu. Panda weye!"

Vigelegele! Akapanda na shofele. Kwenye kona, mbele ya macho yetu, mipira miwili ikaacha udongo! Bisi ikasimama, muntu wa kiwanda akashuka, akabonyeza mipira.

"Upepo ni kidogo sana. Kosa ni yetu. Bisi inarudi kiwanda."

Kwa hiyo, mutoto wangu, mwenye kukuuzisha mutoka, umwambie akae pembeni yako kwenye kona ya kwanza.

Nkambo yako, anayekuogopea barabara