"On and off" ya dada wa mapokezi

Shoga, bado siamini. Leo dada wa mapokezi amehojiwa mbele yetu sote, anaomba nafasi ya msimamizi wa ofisi.

Bosi akamuuliza kwa Kiingereza amefanya kazi hapa muda gani. Akajibu kifua mbele: miaka kumi na mmoja, "on and off."

Maskini, alidhani maana yake ni tangu kuwasha taa asubuhi hadi kuzizima jioni. Kumbe ni kuja na kupotea, kupotea na kuja.

Na bosi anajua hajakosa hata siku moja. Anajua, shoga. Akatabasamu tu: "Basi nafasi tutampa anayekuja kila siku."

Dada akasema polepole, "Lakini bosi, mimi nakuja kila siku."

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nilicheka.