Mvua Mliyoiona Nyinyi

Nkololo,
S.L.P. 109,
Bariadi.
4 Desemba 2016

Mpendwa kaka Magese,

Mwangaluka kaka. Habari za huko mjini, na kile kifua kimepoa? Sisi tu wazima, ila Rachel anaota meno, titi halishiki vizuri. Mama miguu bado inamvimba, lakini anatembea.

Naandika kwa sababu kwenye simu nikianza tu unasema “tutaongea”. Karatasi huwezi kuikata.

Lile kopo la kupimia mvua bado liko uani, alipolisimika Kasmiri, bwana shamba wa kampuni ya pamba, kwa kuwa mimi najua kusoma. Kila asubuhi saa tatu nachungulia, naandika kwenye daftari. Tangu tupande ni sifuri, sifuri, sifuri. Pamba iliyoota imekauka kama tumbaku. Kampuni iliahidi mbegu za kurudishia kwa kijiji kitakachokosa mvua.

Juzi Kasmiri kaja na karatasi. “Mama Rachel, rada ya hali ya hewa huko mjini inasema tarehe ishirini na mbili mlipata milimita kumi na nane. Nkololo hamna mbegu.” Nikamwonyesha daftari. Akacheka. “Kopo lako na mashine ya mamilioni, nimwamini nani?”

Kaka, rada hiyo si ndiyo unayokaa nayo wewe? Si ndiyo uliyoniringia kwamba unaiona mvua ya nyumbani kabla sijaanua nguo? Ni kweli, siku ile hata mimi niliiona. Ilining'inia kama shuka la kijivu, ikanyesha huko huko hewani, ikakaukia njiani. Nilianua nguo, nikazianika tena. Mama akasema, “Mwulize Magese, tangu lini tukalima mawinguni?”

Imeniuma. Darasa langu la saba nimelitumia kuandika ukweli, halafu ndugu yangu wa damu ndiye anayenifanya mwongo.

Barua hii nampa Wilhelmina, anapanda basi kesho. Kasmiri anafunga orodha Alhamisi. Mpigie, umwambie mashine yenu inaona ya juu, haioni iliyotua. Wewe atakusikia. Matuta nimeshayasafisha, na kopo nimeliosha.

Msalimie wifi Gloria. Mama na shangazi Domitila wanakusalimu sana. Mungu akutunze huko.

Rachel anakujua kwa picha tu. Mvua tumeiona kwa mbali, na wewe tunakuona kwa mbali. Safari hii mmoja wenu afike.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Nyanjige