Maziwa Mekundu ya Memsabu

Jumapili, alasiri. Baridi ya Juni imekaa hapa Arusha kama mgeni asiyejua kuaga, na Mlima Meru haujaonekana tangu juzi. Nimekalia debe nyuma ya jiko letu hapa Kijenge, najaribu kuelewa kilichonipata jana. Sijaelewa. Naandika, labda mkono utaelewa kabla ya kichwa.

Mimi ni mpishi wa memsabu mmoja Mgiriki, mjane, mwenye shamba la kahawa ng'ambo ya mto Themi. Tangu mumewe azikwe hali nyama, na hakuna aliyethubutu kumwuliza mwisho wake ni lini. Kwa hiyo mimi, niliyejifunza kuoka bata kwa kumchungulia mpishi mwingine dirishani, siku hizi napika majani na mizizi. Bilinganya. Dengu. Na bitiruti.

Bitiruti ni kiazi kinachovuja damu ukikichokoza. Hukimenyi kwanza. Unakichemsha na ngozi yake na mkia wake, la sivyo wekundu wote unaishia kwenye maji, na memsabu naye anaishia jikoni kukufundisha upya. Kikiiva, ngozi inavuliwa kama soksi.

Halafu maziwa mgando. Kwa mama yangu kule Kikwe, maziwa hutikiswa kibuyuni mpaka yanyweke vizuri. Memsabu hataki yanyweke. Huyafunga kwenye kitambaa cha marekani na kuyatundika msumarini yadondoshe maji yote, na asubuhi unakuta kitu kinachosimama chenyewe, unaweza kukikata kwa kisu. Mara ya kwanza nilidhani yameharibika, nikawapa kuku. Kuku walifurahi.

Ukikuna bitiruti ukaichanganya na maziwa hayo, kitunguu saumu, chumvi na siki kidogo, unapata chakula chenye rangi ambayo sijaiona kwenye chakula kingine chochote. Jana mchana Bwana Shauri, yule afisa wa serikali, alikuja kula. Aliitazama sahani kwa heshima kubwa, kisha akauliza kama kuna kitu kinachofuata. Kikafuata kabichi.

Ndiyo maana lilibaki bakuli zima, na memsabu akaniambia nikale na mke wangu.

Naserian alionja kijiko kimoja, akasema ni tamu ila inatisha. Akaliweka bakuli mezani, akalifunika kwa sahani. Mimi nikatoka kupasua kuni. Ndipo mama mkwe akaingia uani na kikapu kitupu.

Kile kikapu nilikijua. Mama mkwe ni Mwarusha wa magharibi ya mlima, mama wa kanisa, anayekaa benchi la mbele. Wakati wa Pasaka alisema mbele ya wajomba kwamba miaka inapita na nyumba yangu haina mtoto, na mvua zikiisha atakuja kumchukua binti yake. Mvua zimeisha. Kikapu kilikuwa cha nguo za mke wangu.

Kwao, mkwe hamtazami mama mkwe usoni wala hakai naye chumba kimoja. Nilimwamkia shikamoo nikiangalia miguu yake, naye akaujibu ukuta. Akaingia ndani. Mimi nikabaki nje ya ukuta wa mbao, nikipasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa.

Nikasikia sahani ikifunuliwa.

Lazima nieleze hapa. Kwao, mwanamke akivuja damu, akiwa amejifungua au mimba imetoka, hupewa maziwa yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe ili nguvu zimrudie. Kanisa halipendi jambo hilo. Kwa hiyo hufanywa kimyakimya, na kila mtu anajua.

"Naserian," sauti ya mama mkwe ilikuwa ya chini kabisa. "Nani kakuletea hii?"

"Mume wangu, Yeyo." Ndivyo wanavyomwita mama.

"Huyu mpishi? Huyu anayeogopa hata beberu? Nani alimshikia ng'ombe?"

Nikasikia mama mkwe akivuta kigoda.

"Kumbe mwanangu ulishika mimba! Na mimi nimekuja na kikapu!" Akaanza kulia. "Mbona hukuniambia mimi mama yako? Ilikuwa lini?"

Nilishusha shoka. Nilijua sasa Naserian atacheka, atasema, Yeyo, hicho ni kiazi cha Wazungu. Mimi nisingeweza kusema. Mkwe anaingiaje kumweleza mama mkwe habari za damu za binti yake? Na kusema kweli sikutaka. Uongo ambao sikuutunga ulikuwa umeingia nyumbani kwangu kwa miguu yake wenyewe, ukakaa mlangoni, ukamzuia mke wangu asiondoke. Nani anafukuza mgeni kama huyo?

Naserian hakucheka.

"Wakati wa mvua," alisema. "Ile wiki mto ulipofurika."

Alijibu upesi. Mtu anayetunga hajibu hivyo. Najua, maana mimi hutunga kila nikiunguza wali wa memsabu, na huwa naanza kwa kukohoa.

Mama mkwe alimlisha bakuli zima, kijiko kwa kijiko. Nilimsikia akinusa na kusema, "Inanuka dawa. Vizuri. Dawa ni lazima inuke." Kilikuwa kitunguu saumu.

Alilala kwetu, na leo baada ya ibada ameondoka na kikapu chake, kitupu kama kilivyokuja. Pale njiani alisimama, akautazama mgomba ulio karibu nami, akasema, "Mkwe wangu, nitarudi na mafuta ya kondoo, apate nguvu. Umemtunza. Umefanya vizuri."

Nikaushukuru mgomba huo huo.

Umefanya vizuri. Tangu alipotamka hivyo sina raha.

Maana ile wiki ya mafuriko naikumbuka. Naserian alilala, akasema ni homa. Nikampikia uji, nikaenda kazini, memsabu alikuwa na wageni. Niliporudi jioni nilikuta ameamka na amefua shuka zote, zimeanikwa uani, na mvua inanyesha juu yake. Nani anafua shuka kwenye mvua ile? Na niliona. Mimi ambaye nikitazama kikombe najua memsabu amelia au amepiga miayo tu, niliziona zile shuka, nikacheka, nikamwuliza mke wangu jua limemkosea nini.

Alicheka pia. Hilo ndilo linalonichanganya zaidi.

Baada ya mama yake kuondoka nilimkuta anamenya ndizi. Nikamwambia, ile ilikuwa bitiruti tu, mama yako amejidanganya.

"Najua ni bitiruti," alisema. "Si niliionja?"

Nikauliza, na ile wiki ya mto?

Akamenya ndizi moja, akamenya na ya pili.

"Ulinipikia uji," alisema. "Sukari ilizidi."

Basi. Nikaja kukaa kwenye debe hili.

Sijui nihuzunike kwa ajili ya mtoto ambaye sikujua kwamba alikuwapo, au nifurahi kwamba mke wangu hakuondoka. Vyote viwili vimekuja katika bakuli moja, na siwezi tena kuvitenganisha, kama vile huwezi kuyarudisha maziwa yale kuwa meupe. Sijui pia kama alinificha, au aliniachia shuka uani ili niulize.

Nafikiria na memsabu wangu, anayekula mizizi peke yake kwenye meza ya watu kumi. Sote shambani tunasema ana desturi za kwao. Labda hazipo hizo desturi za kwao. Labda ni kwamba hatujamwuliza.

Kesho nitamwomba bitiruti nyingine. Nitaichemsha na ngozi yake, nitayatundika maziwa mpaka yasimame. Nikifika nyumbani, kabla sijafunua bakuli, nitakaa chini na kumwuliza Naserian, polepole, tangu mwanzo.

Uji sitapika.