Usukani Aliousafisha Athumani

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeswali, nimempikia mwanangu Zuhura uji, kaenda shule. Mimi nipo edani, sitoki. Soko la mtaa wetu huku ughaibuni, Walthamstow, nalisikia tu dirishani, wanapigia kelele ndizi.
Nimefuta vumbi rafu ya marehemu mume wangu. Athumani alifanya kazi karakana ya vipuri vya ndege za kivita, zile zinazoruka na kutua juu ya meli. Usukani huu wa ndege, uliopo rafuni, alipewa na bosi wake alipoacha kazi. Aliusugua kwa mswaki na sabuni ya vyombo. Siku moja alichukua kijiko na kamba ya kiatu, akanionyesha ndege inavyonasa waya uliotandazwa melini inapotua, isitumbukie baharini. Chai ikamwagika. Hakujali. Nimemkumbuka sana leo.

Alhamisi, 9 Oktoba
Hamisi, mdogo wake Athumani, kaja. Kazungumza nami toka koridoni, kama inavyopasa. Amepata mnunuzi wa usukani. Sikukataa. Ila mnunuzi anataka historia yake: ulipigana wapi, uliangusha mabomu wapi. Nikamwambia ndege ulikotolewa ilikuwa ya kufundishia. Vijana walijifunzia kutua melini, basi. Haikwenda vitani.
"Shemeji, hiyo nani atainunua? Bila damu ni chuma chakavu."
Kinyaa. Chakula cha mchana sikukigusa.

Jumamosi, 11 Oktoba
Hamisi tena. Leo kaingia mpaka sebuleni, bila hodi, simu mkononi. Anataka kunirekodi video. Niseme marehemu aliniambia usukani huu ulishusha mabomu juu ya kijiji.
"Na hiyo nguo ya eda usiibadili, shem. Kaa hivyo hivyo. Ukitoa na chozi, mzungu kwisha habari yake!"
Nguo hii nimeivaa kwa ajili ya mume wangu. Nikamwambia atoke.
"Usijifanye malaika, we. Uongo huo utamuua nani?"
Alikuwa anacheka. Ana meno ya kaka yake. Hilo ndilo lililonichefua zaidi. Katoka na usukani kwapani. Nimepiga deki alipokanyaga, nikarudia.

Jumatano, 15 Oktoba
Nimempigia mnunuzi. Namba yake Hamisi aliniachia siku ile ya kwanza. Kiingereza changu cha dukani kimetosha. Nimemweleza ukweli wote.
Mzee mpole. Kasema anajua. Ameshachunguza, anajua ndege ile haikupigana. Lakini wageni wanaokuja kutazama vitu vyake wanapenda hadithi ya vita, kwa hiyo tafadhali nisimwambie mtu mwingine. Kisha akanipa pole ya msiba.
Nimekata simu.

Ijumaa, 17 Oktoba
Sina la kuandika. Nawachukia wote wawili.

Jumapili, 19 Oktoba
Mvua. Nimepika wali wa nazi na samaki.
Zuhura kaniuliza, kwa Kiingereza chake, kama baba alitengeneza ndege za kuua watoto. Ami Hamisi kamwonyesha video. Kajirekodi mwenyewe, kataja na jina la Athumani.
Nikaweka mwiko chini. Nikamwambia polepole: hapana, mwanangu. Ndege ile ilikuwa ya vijana wanaojifunza. Walipaa wakiogopa, wakatua, wakaenda kula. Baba yako alisafisha usukani wao. Ami amesema uongo.
Sijui kama ameamini.
Kisha kasogeza sahani, nikamwongezea mchuzi.